Tuliacha kupanga ili tujenge, sasa gari linatukamua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Urambo. Mume wangu ni Mha wa Kasulu. Tuna mtoto mmoja wa miaka minne, analelewa na mama yangu. Nakuandikia nikiwa kiti cha mbele cha gari letu, Noah, kwenye sheli moja nje kidogo ya mji wa Kigoma. Mume wangu amelala nyuma, magunia ya dagaa yako miguuni kwake. Huu ni mwezi wa saba tangu tuhamie ndani ya gari, na hapa ndipo nyumbani kwetu.

Tulikuwa tumepanga chumba Tabora mjini, 50,000 kwa mwezi. Mkataba ulipoisha mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo. Mume wangu akasema, laki tatu tumpe mtu wakati gari tunalo? Akang'oa viti vya nyuma, fundi akatutengenezea kitanda cha mbao, tukaweka godoro la futi nne na mapazia. Makochi tukauza. Tukakubaliana kwamba baada ya mwaka mmoja tutakuwa na hela ya kiwanja. Sikukataa, Shangazi. Nilishawaona kwenye simu wazungu wanaoishi kwenye magari, wanakunywa chai huku wanaangalia maji, nikasema na sisi tuna ziwa.

Biashara yetu ni dagaa na mawese kutoka Kigoma kwenda Tabora, na tukirudi tunabeba karanga, asali au mitumba. Lakini mara nyingi tunarudi gari tupu, kwa sababu mume wangu akipigiwa simu kwamba dagaa zimeshuka bei anawasha gari saa hiyohiyo. Alikuwa utingo wa malori tangu kijana, akikaa siku tatu mahali pamoja miguu inamuwasha. Mwezi uliopita tumekwenda na kurudi mara tatu.

Mimi naandika kila kitu kwenye daftari. Mwezi huo petroli imekula 855,000. Fundi na vipuri 190,000. Chakula 360,000, maana tunakula kwa mama lishe asubuhi, mchana na jioni. Asante ya walinzi, kuoga na choo cha kulipia, 60,000. Faini za mwendo kasi mbili, 60,000. Jumla 1,525,000. Faida ya mzigo ilikuwa 1,640,000. Nikitoa 50,000 ya mama kwa ajili ya mtoto, inabaki 65,000. Na hiyo 65,000 iko kwenye simu ya mume wangu, ikipigwa simu nyingine ya dagaa itageuka petroli. Tulipokuwa chumbani tulikuwa tukiweka 150,000, na mtoto tulikuwa naye.

Nimeumwa malaria mara mbili tangu tuanze. Mwezi Juni usiku wa Tabora ulikuwa na baridi mpaka tukawa tunaingiza jiko la mkaa ndani ya gari, tukishapata joto tunalala. Kwenye kizuizi kimoja tumelipishwa ushuru wa magunia mawili ya karanga na risiti hatukupewa.

Nikimwambia mume wangu turudi kupanga anasema nimeshindwa maisha, kodi ni pesa ya kutupa. Mama yangu anasema tuje tupaki uani kwake, lakini mume wangu hataki hata kusikia. Mwanaume halelewi ukweni. Januari mtoto anaanza darasa la awali. Shangazi, hivi kuishi kwenye gari kunaokoa pesa au tunajidanganya?

Halafu nina swali dogo, usinicheke: harufu ya dagaa kwenye godoro inatolewaje?

Asiye na Mlango, Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Na mwangaluka pia, kwa kuwa wewe ni wa Urambo.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, lakini nilipofika kwenye jiko la mkaa kalamu niliiweka chini. Tuanze na hilo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba ina pa kutawanyikia kidogo, ndani ya gari lililofungwa vioo haina pa kwenda. Anayeivuta hakohoi wala hashtuki. Kichwa kinakuwa kizito, anapitiwa na usingizi, na huo usingizi wengine hawakuamka. Nanyi mlikuwa mkilitumia jiko hilo ili mlale! Kufungua kioo inchi moja si dawa. Jiko libaki nje, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Mwezi Juni nunueni blanketi zito la mtumba, mvae na soksi. Na kama mume wako ni wa wale wanaotembea na dumu la petroli la akiba ndani ya gari, nalo litolewe leo. Uzuri wa daftari lako ni kwamba muwepo wa kulisoma.

Sasa hesabu. Umeniuliza kama kuishi kwenye gari kunaokoa pesa. Kunaokoa, mwanangu, ila gari likiwa limesimama. Angalia mstari wako wa walinzi, kuoga na choo: 60,000. Chumba kilikuwa 50,000. Yaani kulala bure kumewazidi kupanga kwa shilingi elfu kumi, kabla hata ufunguo haujazungushwa. Ukizungushwa ndipo inapokuja ile 855,000. Mlimkimbia mwenye nyumba aliyekuwa anawajia mara moja kwa miezi sita, mkahamia kwa mwenye nyumba anayewadai kila kilomita.

Wale wazungu uliowaona kwenye simu, mimi huwaona kwa macho hapa Ujiji na kule mjini wanapopita kwenda Gombe kuona sokwe. Utadhani wanasafiri, kumbe wamehamia. Gari limepaki chini ya mwembe wiki mbili, kamba ya nguo imefungwa, wanapika ugali wao wa ajabu na nyanya za sokoni. Kitu kinachowapa nafuu ni huko kukaa. Mume wako ameshika nusu ya habari, ile ya kuacha chumba, akaichanganya na utingo wake.

Kwenda na kurudi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Kwa daftari lako kila mzunguko ni 285,000 za petroli. Kwa kitanda kile mlichotengeneza, sidhani kama Noah inabeba zaidi ya magunia kumi ya dagaa. Godoro limekaa mahali pa mzigo. Basi kila gunia lina 28,500 za petroli juu yake, na mkirudi tupu hakuna wa kuwasaidia kuzilipa. Kesho asubuhi nenda stendi na kwa madereva wa fuso, uliza wanatoza shilingi ngapi gunia moja la dagaa mpaka Tabora. Usiulizie simu, nenda. Ukitajiwa bei iliyo chini ya hiyo 28,500, jua kwamba siku zote mmekuwa mkisafirisha dagaa kwa teksi.

Lakini msiliuze gari. Lipangieni kazi, na wa kulipangia asiwe mtu anayepiga simu, uwe mwezi wa mbinguni.

Kaka yangu alivua Kibirizi, hapa Kigoma ziwani, miaka mingi, na nyumbani kwetu kalenda ya ukutani ilikuwa pambo tu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito taa inawavuta wanapanda juu, nyavu zinajaa, na asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, bei inashuka. Mbalamwezi ikijaa, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina ajabu tena. Wengi huvuta mitumbwi nchi kavu wakashona nyavu, na dagaa kidogo zilizopo zinapanda bei. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu, haujawahi kuchelewa. Kwa hiyo zile simu anazopigiwa mume wako saa nne usiku kwamba "zimeshuka", wewe ungeweza kumwambia wiki mbili kabla kwa kutazama juu.

Ningekuwa mimi, ningekaa Kigoma kipindi cha giza. Gari limepaki, hamwendi popote. Mnanunua kidogo kidogo bei inapokuwa chini, mnaanika wenyewe jua likiwepo, mnafunga magunia. Magunia mengi yanapanda fuso, machache yanapanda nanyi. Mbalamwezi inapoanza kukua mnaondoka, mnafika upande wa Tabora wakati dagaa zinaanza kuadimika, na huko mnakaa tena, mkizungukia minada ya jirani ya Urambo na Kaliua, si kurudi ziwani. Giza likikaribia mnarudi, na safari hii marufuku kurudi gari tupu. Wapagazi wa Kinyamwezi, hao ni babu zako, walikwenda pwani na pembe wakarudi na nguo na shanga. Hakuna aliyetembea njia nzima mabega matupu kwa sababu amesikia huko mbele kuna bei. Nao walisafiri kiangazi, mvua zikikaribia wengi walirudi kulima. Nanyi masika minada iliyo nje ya lami iacheni. Gharama ya kuvutwa na trekta haina mstari kwenye daftari lako na sitaki iwe nao.

Mzunguko mmoja kwa mwezi, 285,000. Weka 200,000 nyingine za kuzungukia minada. Jumla 485,000, mmeokoa 370,000. Nauli ya fuso itakula sehemu ya hiyo, sawa. Hata ikila nusu, kinachobaki ni 185,000 juu ya kile mnachobakiza sasa, na matairi yamepumzika.

Kuna jambo moja la ziwa lazima mlijue mapema. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi jirani tunazogawana maji haya. Aliyekuwa na dagaa peke yake alikaa akihesabu vidole. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo karanga mpya zinaingia na asali ya miombo inavunwa Tabora, basi wekeni mtaji wa asali pembeni kabla ya Mei. Asali ina raha moja zaidi: ikikosa mnunuzi wiki hii haiozi.

Kuhusu ushuru wa karanga: tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Magunia mawili ya karanga hayafiki hata robo ya tani. Siku nyingine mwombe huyo kijana risiti ya mashine kwa upole, umwambie unaihitaji kwa hesabu zako. Mara nyingi akiombwa risiti anakumbuka sheria. Dagaa ni habari nyingine, hizo zina vibali vyake vya samaki. Vichukueni mwaloni kabla hamjapakia.

Petroli: bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na zinatofautiana mji kwa mji. Kigoma tuko mwisho wa njia, kwetu huwa juu kuliko Tabora, kwa hiyo tangi lijazwe Tabora kabla ya kugeuza uso magharibi. Ya chupa vijijini mwachieni mwenye bodaboda. Mzigo wa kwenye keria nao unakula mafuta, kwa sababu gari linapigana na upepo. Na faini ni 30,000 kwa kila kosa. Kibao cha 50 kipo kila penye kijiji. Dakika nne anazookoa mume wako akipita pale na 80 zinawagharimu siku mbili na nusu za kula.

Hapo kwenye kula nimekaa sana. 12,000 kwa siku watu wawili! Mwanangu, mnauza dagaa halafu mnanunua chipsi mayai. Mkitulia mahali pamoja mtapika: mchele, maharage ya Kasulu, mawese yenu wenyewe, jiko dogo la gesi linalowashwa nje ya mlango. Mkipika mara mbili na kununua chai tu, nusu ya 360,000 haitatoka. Sikupigi marufuku kwa mama lishe, nami nilikuwa mama lishe. Lakini mteja wangu aliyekuja mara tatu kwa siku nilikuwa namwonea huruma.

Chandarua nunueni cha mviringo, kifungwe juu ya kitanda kwa ndani, na wavu wa mbu ubandikwe kwenye vioo viwili ili mpate hewa. Malaria mbili kwa miezi saba ni dozi, vipimo na siku ambazo hukuuza kitu.

Sasa pesa inayobaki. Ikikaa kwenye simu ya mtu anayependa safari, hiyo ni petroli inayosubiri. Kibubu ndani ya gari ndiyo kabisa, akivunja kioo mwizi anachukua nyumba na benki kwa mkono mmoja. VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ni kizuri lakini kinataka muonekane kikaoni. Mimi ningeweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja: unaweka hata kwa simu popote mlipo, na ukitaka kutoa inachukua siku chache za kazi. Hizo siku chache ndizo ninazozitaka. Simu ya dagaa ikiingia usiku, pesa haiwezi kuamka pamoja naye. Siku ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya kujaza tangi, wekeni kwanza ile 50,000 mliyokuwa mkimpa mwenye nyumba, kana kwamba anagonga mlango. Kisha wekeni nyingine ya gari lenyewe. Miezi saba mmekuwa mkimlipa fundi kwa faida ya dagaa, ndiyo maana kila tairi linawajia kama msiba.

Nimelizunguka suala la mama yako kwa makusudi. Mume wako ana haki ya kuona haya. Mha wa Kasulu kulala uani kwa mama mkwe, asubuhi akitoka na mswaki mdomoni mama mkwe anafagia, si jambo dogo, na wewe usilifanye dogo kwa kumwambia "mama amekubali". Mama kukubali ndiko kunakomtisha. Mtafuteni mzee wa upande wake, baba mdogo au mjomba, afike Urambo azungumze rasmi: kijana wetu anaomba mahali pa kupaki gari lake wiki mbili kila mwezi, na yeye atalipa bili ya maji na kuuzungushia uwanja uzio. Apaki upande wa barabarani, gari lifungue mlango kutazama njia, kitanda kibaki ndani ya gari. Hapo si mkwe anayelelewa, ni mtu aliyejenga uzio. Na mtoto wenu atalala na wazazi wake nusu ya mwezi. Mkishindwa kabisa, pangeni chumba kimoja Urambo mlipie, tena bila aibu; nimekuonyesha kwamba chumba hakikuwa adui.

Haya usimsomee kama hukumu. Msubiri mpige giza moja bila kuwasha gari, mkae Kibirizi siku kumi, umwekee daftari wazi kwenye ukurasa wa petroli ukiwa mtupu. Atauona mwenyewe. Miguu ikimuwasha mpe magunia ayafunge.

Godoro: litoe, lianike jua kali siku mbili, uligeuze, foronya zifue na siki. Lakini unaanika bure kama usiku magunia yanarudi miguuni kwake. Yakishaanza kupanda fuso, niandikie tena uniambie kama bado linanuka.

Shangazi, Ujiji